Salamu za Mwalimu Shekiondo kwa Profesa Kapinga

Usiku ule nililala kwa dada yangu Mwajuma, kule Kimara, nikiwa nimejiapiza kwamba sitaota chochote. Nilitaka usingizi mtupu, ule wa mtu aliyepalilia shamba kutwa, kwa sababu kesho yake nilikuwa na usaili chuo kikuu wa nafasi ya mhadhiri msaidizi wa Kijerumani. Mwajuma alikuwa amenipigia pasi gauni akalitundika mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nakariri somo nililotakiwa kulifundisha mbele ya jopo, na nililikariri mpaka maneno yakaanza kupoteza maana, kama inavyokuwa ukilitamka jina lako mwenyewe mfululizo. Mwajuma akaniambia nikiendelea kunong'ona na ukuta atanihamishia sebuleni. Nikazima taa.

Lakini huwezi kuielewa ndoto yangu kama hujui nilivyofika kwenye kitanda kile, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Kijerumani sikukichagua kwa mapenzi, nilikichagua kwa sababu ya baridi. Shuleni kwetu, kidato cha kwanza, tuliambiwa tuchague kati ya Kifaransa na Kijerumani. Chumba cha Kifaransa kiligusana na mlima, hakikuliona jua mpaka karibu na mchana. Chumba cha Kijerumani kilipata jua la asubuhi. Basi nikaenda kuota jua, na huko ndiko nilikomkuta Mwalimu Shekiondo.

Alikuwa mwembamba, na sweta lake la kijani lilikuwa na viraka viwikoni, viraka vilivyoshonwa kwa uzi mwekundu na mkewe, naye alivionea fahari kama nishani. Alisoma Leipzig ujanani, enzi za Ujerumani ya Mashariki. Watu wengi waliosoma kama yeye walibaki mjini. Yeye alirudi milimani, akaingia darasani kwetu, akatutazama sisi watoto tuliokuwa tukifuta pua kwa mikono ya sweta, akatuita Frau na Herr, yaani Bi na Bwana. Mimi nikawa Frau Tatu. Nyumbani nilikuwa naitwa "wewe hapo", na shule ya msingi nilikuwa namba kwenye daftari la mahudhurio. Siku ile nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimenyoosha mgongo.

Wanafunzi walipoanza kulalamika kwamba Wajerumani wamegawa vitu vyao vyote katika mafungu matatu, vya kiume, vya kike na visivyo vya popote, Mwalimu alicheka. Akasema Mjerumani wa watu ana ngeli tatu tu, tena zinamchosha. Sisi tumezaliwa na rundo la ngeli mdomoni, tunasema mtu na watu, kiti na viti, jiwe na mawe bila kufikiri, sasa tunaogopa nini? Nilimwamini. Sijui kama ndivyo wataalamu wanavyoliangalia jambo hilo, lakini nilimwamini, na tangu siku ile sikukiogopa tena Kijerumani.

Mtu wa pili katika habari hii ni Bibi yangu, mama yake baba, aliyenilea. Hakuwahi kukaa darasani. Jioni tukimenya maharage alikuwa ananiambia, hebu sema ile lugha yako ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Nikisema sentensi moja anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya kanga, halafu anadai nyingine. Naweza kusema yeye ndiye aliyekuwa hadhira yangu ya kwanza, na hadi leo sijapata hadhira bora zaidi.

Bibi alifariki nikiwa chuoni. Mwalimu Shekiondo alinifikisha mbali zaidi: alisoma insha zangu nilipokuwa nachukua shahada ya ualimu, alinipigia simu nilipopata muhula mmoja wa kusoma Ujerumani na kunishauri nisinunue koti zuri bali koti zito, na niliporudi na kuanza kufundisha Moshi, waongoza watalii asubuhi na wauguzi wanaotaka kwenda kufanya kazi Ujerumani jioni, alikuwa akiniuliza kila mara, "Wanasema?" Hakuuliza kama wanafaulu. Aliuliza kama wanasema. Alifariki mwaka juzi, katika msimu wa ukungu, nami nilikuwa nakaribia kumaliza shahada ya pili.

Mwaka uliofuata nikaomba ile nafasi chuo kikuu kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Profesa Kapinga, mzee wa nywele nyeupe zilizokatwa kwa uangalifu, mtu aliyesifika kwa kutotabasamu. Walinipa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakaniambia niwafundishe huku jopo likitazama. Nikafundisha. Nilieleza kauli ya kutendwa kwa Kijerumani kisichokuwa na doa, kila mfano ukiwa umepigwa msasa, na nilipomaliza hapakuwa na swali hata moja. Profesa Kapinga akafunika kalamu yake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba nimefundisha vizuri sana, ila nimejifundisha mwenyewe. Nafasi ile haikupata mtu mwaka huo. Sasa walikuwa wametangaza tena, na mimi, kwa kuwa sikujua la kufanya, nilikuwa nimeandaa somo lile lile na kuliongezea msasa.

Hapo ndipo nilipolala.

Kwanza niliona jua. Lilikuwa linaingia kwenye madirisha ya darasa letu la Lushoto, jua lile la asubuhi lenye vumbi la chaki ndani yake, na nilisikia joto lake kwenye mkono wa kulia kama lilivyokuwa likinipata nilipokaa dawati la pembeni. Lakini sikuwa nimekaa. Nilikuwa nimesimama mbele, nimeshika chaki, na ubaoni palikuwa pameandikwa somo langu lote kwa mwandiko usio wangu.

Darasa lilikuwa limejaa. Nikaangalia, nikaona ni majirani zetu wa zamani, wote waliokwisha kutangulia mbele za haki, wamevaa nguo zao za sikukuu na kubanana kwenye madawati ya watoto. Ajabu ya ndoto ni kwamba nilijua wamekufa na wala haikunisumbua, kama unavyojua kwamba mtu fulani kahamia Tanga. Na dawati la mbele kabisa amekaa Bibi. Miguu yake haifiki chini. Amejifunga kanga yake ya bluu, mikono ameiweka juu ya dawati, kiganja juu ya kiganja, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu.

Mwalimu Shekiondo anapita katikati ya madawati na sweta lake. Hakuzeeka wala hakurudi ujana, yuko vile vile. Ananipita, ananukia tangawizi na uzi wa sufu, anakwenda mpaka nyuma, anamwomba mtu asogee, anakaa. Ninamwambia kwamba darasa ni lake. Anatikisa kichwa.

"Nimestaafu, Frau Tatu," anasema. "Huku hakuna mtihani. Nimekuja kusikiliza."

Nikaanza. Nilisema sentensi yangu ya kwanza, ile niliyoikariri ukutani, na ikatoka nzuri, mviringo, haina ufa. Sentensi ya pili ikatoka nzuri vilevile. Kisha nikaona jua limesogea. Kila nikisema sentensi moja jua linarudi nyuma, linatoka kwenye madawati, linapanda ukutani, na baridi ya upande ule mwingine wa shule inaingia polepole kwenye miguu ya watu. Marehemu wananitazama kwa adabu. Mmoja anapiga miayo amejificha nyuma ya kofia. Nazidisha bidii, naeleza zaidi, na jua limebaki kamstari juu ya dari.

Ndipo Bibi anainua kidole.

Sijawahi kumwona Bibi akiinua kidole maishani. Anakiinua juu sana, mpaka anainuka kidogo kwenye kiti. Anasema amesikia kwamba kwa Wajerumani kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, na kisu si huyu wala yule. Anataka kujua sababu.

Swali hilo nimeulizwa na kila darasa nililowahi kufundisha, na nina jibu lake. Jibu lenyewe ni refu, lina historia ndani yake, na mwisho wake linakiri kwamba sababu haijulikani. Nilifungua mdomo nilitoe. Nikamwona Mwalimu kule nyuma amekunja mikono, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama kabla sijatoa jibu la kijinga, bila hasira, akisubiri tu lipite. Nikafunga mdomo. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili:

"Wewe Bibi, waonaje?"

Bibi hakungoja. Anasema kijiko ni mwanamume kwa sababu ndicho cha kwanza kuingia chunguni na hakijawahi kuulizwa kimetoka wapi. Uma ni mwanamke, una vidole, unashika kinachotaka kuteleza. Na kisu hakina upande kwa sababu kinamkata yeyote.

Mzee mmoja wa dirishani akakataa. Akasema kijiko kinabeba, na anayebeba ni mama. Mama mmoja akamjibu kwamba wewe ulipokuwa hai hukuwahi kukishika kijiko kwa kazi yoyote ila kula. Darasa likalipuka. Wakaanza kubishana juu ya meza, juu ya mlango, juu ya mwezi na jua, na kila wanapobishana wanalitaja neno kwa Kijerumani ili kulitetea, kijiko der Löffel, uma die Gabel, kisu das Messer, kwa matamshi ya Kisambaa yaliyo wazi na matamu, wanayakosea, wanasahihishana, wanayakosea tena kwa namna nyingine. Bibi anasema kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakuna hata sentensi moja iliyonyooka, na jua limeshuka kutoka darini, limejaa chumba kizima mpaka nafumba macho.

Nilipofumbua, darasa lilikuwa linatembea.

Sikushangaa. Madirisha yalikuwa ni ya treni, na nje yalikuwa yanapita mashamba ya kabichi ya Lukozi, kisha uwanda mweupe wa theluji wa ule mji mdogo niliosoma Ujerumani, kisha maporomoko ya Soni, kisha theluji tena. Lushoto hatujawahi kuwa na reli. Lakini treni inapanda mlima bila shida, na kila inapolia kwenye kona, abiria wote wanasema "Vorsicht", yaani tahadhari, kwa pamoja, wanaegemea upande mmoja na kucheka. Mimi nimekaa kati ya Bibi na dirisha. Mkono wake uko juu ya goti langu, na ni mwepesi na wa moto kama mkate uliotoka kuokwa.

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba nilimaliza chuo, kwamba nilipanda ndege, kwamba koti lilikuwa zito vya kutosha. Niliona kwamba anayajua. Anaangalia nje tu, anaonyesha kwa kidole kila ng'ombe anayepita, hata waliomo kwenye theluji. Kisha treni ikapunguza mwendo na watu wakaanza kusimama na kukusanya vitu vyao. Bibi naye akasimama. Akanitengeneza kola ya gauni, lile lile lililotundikwa kwa Mwajuma.

"Mjukuu wangu," anasema, "mwenyeji akisema sana, mgeni hali."

Akashuka. Hakugeuka nyuma, na wala sikuona uchungu, kwa sababu alikuwa ameshaanza kubishana na yule mzee wa dirishani, na sauti zao zilikwenda zikipungua kwenye jukwaa la stesheni, der, die, hapana, der.

Nikabaki na Mwalimu. Sasa tumesimama kwenye mlango wa behewa, yeye chini, mimi juu, na ukungu wa nyumbani unatambaa kwenye reli. Ana mfuko wa karatasi. Anaufungua, ndani mna pipi, zile za duara zenye mistari, zimeshikana kidogo kwa joto. Ananisogezea. Mkono wangu ulikwisha kunyooka nilipokumbuka yale tuliyofundishwa tangu utotoni, kwamba ukipewa chakula na marehemu ndotoni usikile, utamfuata. Nikauacha mkono hewani. Sikujua namna ya kumkatalia mwalimu wangu.

Yeye akaona, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Usile," anasema. "Nakuonyesha tu."

Akaukunja mfuko ule vizuri, akautia mfukoni. Kisha akawa mtulivu, utulivu ule aliokuwa nao kabla ya kutusomea majina ya waliofaulu, na akaniangalia machoni.

"Mwambie Kapinga: ile pipi, tulikuwa sahihi wote wawili."

Nikamuuliza pipi gani. Akasema yeye Kapinga anajua. Nikataka kuuliza tena, lakini treni ilikuwa imeanza kunichukua, taratibu, bila kelele, na Mwalimu anatembea sambamba nayo, sweta lake likiingia na kutoka kwenye ukungu, amenyoosha mgongo kama kijana anayesindikiza mgeni wa heshima. Midomo yake inacheza. Anasema neno, nadhani ni jina langu na lile Frau mbele yake. Kisha ukungu ukawa mweupe sana, na weupe ule ukawa chandarua.

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Aliniambia nimecheka usingizini mpaka nimemwamsha, na katikati ya kicheko nilikuwa nikitoa sauti kama mtu anayepiga chafya. Nikamweleza ndoto yote hapo hapo, nikiwa bado nimelala, nikiogopa kwamba nikisimama itamwagika. Nilipofika kwenye pipi aliutoa mswaki mdomoni.

"Ulikula?"

Nikamwambia sikula. Akashusha pumzi, akasema basi ni ndoto njema, akaenda kuinjika chai.

Nilikunywa chai ile nikitafakari jambo moja tu. Sikujua kama Mwalimu Shekiondo na Profesa Kapinga waliwahi kujuana. Mwalimu hakuwahi kunitajia jina hilo, au kama alilitaja, basi ni kati ya hadithi zake za Leipzig alizotusimulia tukiwa wadogo, likapita sikio moja. Inawezekana. Akili inaokota vitu vingi bila kumwambia mwenyewe. Lakini ujumbe ulikuwa umekaa kifuani kama kitu kilichowekwa kwa mkono, na nilijua kwamba nikiunyamazia utanikaba.

Tatizo lilikuwa Kapinga mwenyewe. Huendi kwa mwenyekiti wa jopo linalokusaili ukamwambia umemletea salamu za marehemu. Ataona ama una wazimu, ama unajipendekeza, na sijui lipi ni baya zaidi. Nikakata shauri kwamba nitafanya usaili kwanza, na ujumbe nitautoa ukishamalizika, pale ambapo hautaweza kunisaidia chochote.

Chumba kilikuwa kile kile. Jopo lilikaa nyuma, wanafunzi wa mwaka wa kwanza mbele, na ubao mweupe ulikuwa unaningoja. Somo langu lililopigwa msasa lilikuwa kwenye mkoba. Nililiacha humo. Ningependa kusema kwamba nilifanya hivyo kwa ujasiri, lakini sababu yenyewe ilikuwa kwamba kila nilipojaribu kuikumbuka sentensi yangu ya kwanza nilimwona mtu anapiga miayo nyuma ya kofia.

Nikawaomba wanafunzi watie mikono kwenye mikoba yao, kila mmoja atoe kitu kimoja bila kuchagua, atuambie kwa Kijerumani, kwa maneno yoyote aliyonayo, kitu hicho ni cha kiume, cha kike au si cha popote, na kwa nini. Pakawa kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu, na mkono wangu ulianza kutamani kalamu ya ubao. Niliuweka nyuma. Mwenyeji akisema sana mgeni hali, nikajisemea, na nikanyamaza.

Binti mmoja wa mbele akatoa kitana. Akasema kitana ni mwanamke, kwa sababu kinajua siri za kichwa. Jirani yake akapekua kamusi kwenye simu, akamwambia kwa Kijerumani kitana ni mwanamume. Binti akakitazama kitana chake, akauliza kwa Kijerumani kilichovunjika pande zote ni mwanamume gani huyu anayemvuta nywele kila asubuhi. Darasa likacheka, na kicheko kile kikafungua mlango. Akasimama wa funguo, akasimama wa leso, akasimama wa chaja. Walisema vibaya, walisema kwa furaha, walisema wote pamoja. Nilirekebisha pale tu mtu alipoomba. Nilipotazama nyuma nikaona mama mmoja wa jopo ametoa miwani yake na kuiinua juu, anataka kuitetea. Profesa Kapinga hakutabasamu. Alikuwa ameweka kalamu chini na anasikiliza, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikia wimbo kutoka nyumba ya jirani.

Wanajopo wakaniuliza maswali ya kawaida, nikajibu, wakaniambia majibu yatatolewa kwa utaratibu wa chuo. Nikashukuru. Nikatoka nikamngoja kwenye ukumbi, karibu na ngazi.

Alipotoka alikuwa peke yake. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba ninachotaka kusema hakihusiani na usaili na kwamba anaweza kukisahau papo hapo. Nikamwambia nilifundishwa na Mwalimu Shekiondo wa Lushoto. Uso wake ukabadilika kidogo tu, kama maji yaliyopitiwa na upepo. Nikamwambia kwamba nimemwota, na kwamba kanituma kwake. Kisha nikautoa ujumbe kama nilivyopewa, neno kwa neno, kwa sababu sikuwa na maelezo mengine ya kuongeza.

Profesa Kapinga akashika reli ya ngazi. Nilidhani nimemkosea. Akatazama chini uani ambako wanafunzi walikuwa wakipita, na aliponirudia sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mdogo kwa umri.

Akanisimulia kwamba walikaa chumba kimoja Leipzig, yeye na Shekiondo. Juma lao la kwanza waliingia dukani kununua pipi. Kapinga akaomba, akasema der Bonbon, pipi ya kiume. Shekiondo akamsahihisha mbele ya muuzaji, akasema ni das, isiyo ya popote. Wakabishana pale pale, kwa Kijerumani, ndiyo mara yao ya kwanza kusema Kijerumani bila kuogopa, mpaka foleni nyuma yao ikaanza kunung'unika na muuzaji akawaambia yeye anauza pipi, hauzi sarufi. Kamusi inakubali zote mbili. Walilijua hilo jioni ile ile. Lakini hakuna aliyekubali kulisema. Tangu siku hiyo, maisha yao yote, kila walipoagana, njiani au kwenye simu, badala ya kwaheri mmoja alisema der na mwingine akajibu das, wakakata.

"Mara ya mwisho alinipigia kutoka hospitali," Profesa akasema. "Alisema das. Simu ikakatika kabla sijajibu."

Hakulia. Alitoa leso, akaitumia, akaikunja. Kisha, polepole, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa pana na lenye pengo upande mmoja, na nikafahamu kwa nini huwa analificha.

"Sahihi wote wawili," akasema. "Hakuwahi kulikubali hilo akiwa hai. Na wewe? Unasemaje?"

Nilijua kwamba ningeweza kumfurahisha. Lakini nilikuwa mwanafunzi wa mtu.

"Das," nikasema.

Profesa Kapinga akaanza kushuka ngazi. Alifika kwenye kona, akasimama, akanitazama kutoka chini.

"Ni der," akasema. "Lakini nitakurekebisha taratibu. Nadhani tutakuwa na muda."